Maana ya ushirikiano wa kimataifa katika mpito wa kidemokrasia

Anayeishi Dodoma, penye Bunge, wizara na Tume ya Uchaguzi, hachelewi kukutana na maneno “ushirikiano wa kimataifa katika mpito wa kidemokrasia”. Yanaandikwa kwenye mabango ya semina, yanatajwa hati zinaposainiwa, halafu watu wanapiga picha ya pamoja na kwenda kula. Maana yenyewe haina ugumu wa hivyo. Nchi inatoka kwenye utawala ambao wananchi hawakuuchagua, uwe wa jeshi, wa mkoloni au wa chama kimoja, inaingia kwenye utawala wanaouweka na wanaoweza kuuondoa kwa kura. Nchi nyingine, jumuiya za kikanda au Umoja wa Mataifa wanaisaidia katika safari hiyo.

Kusaidia vipi? Hapo ndipo wengi wanawafikiria waangalizi wenye vizibao wanaofika siku chache kabla ya uchaguzi. Hao ni sehemu ndogo. Kazi kubwa haina mvuto wa kuonyeshwa kwenye televisheni: kuandika sheria ya uchaguzi, kuandikisha wapiga kura, kuvunja vikosi vilivyozoea kutisha watu, kuwarudisha wakimbizi, kulijengea bunge uwezo wa kuibana serikali kwenye bajeti.

Mfano unaoeleweka vizuri zaidi ni Namibia, na kwetu huku Kanda ya Kati una mzizi karibu. Kongwa, unapokata kona Mbande kwenye barabara ya Morogoro, Waingereza walijaribu mradi mkubwa wa karanga ukawashinda, wakauacha mwaka 1951. Kuanzia 1964 palikuwa na kambi ya wapiganaji wa ukombozi: ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na wengine. Ule ulikuwa msaada wa ukombozi, na sitauita msaada wa demokrasia, maana bunduki haimfundishi mtu kuhesabu kura. Lakini SWAPO hiyo iliyopita Kongwa ndiyo iliyokuja kusimama mbele ya wapiga kura mwaka 1989, na safari hii msaada ulikuwa wa aina nyingine kabisa.

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha Azimio namba 435, la kuifikisha Namibia kwenye uhuru kwa njia ya uchaguzi, tangu 1978. Likakaa zaidi ya miaka kumi kabla ya Afrika Kusini, iliyokuwa ikiitawala Namibia, kukubali litekelezwe. Aprili 1989 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioitwa UNTAG ukaanza kazi chini ya Martti Ahtisaari wa Finland. Mpango wenyewe ulikuwa wa ajabu kidogo: uchaguzi uliendeshwa na utawala uleule wa Afrika Kusini, ila kila hatua ilitakiwa imridhishe Ahtisaari.

Rasimu ya kwanza ya sheria ya uchaguzi ilitaka karatasi ya kura iingie kwenye bahasha yenye namba ya mpiga kura, na kura zikahesabiwe Windhoek, mji mkuu. Mwanakijiji wa kaskazini ambaye jana alikuwa anawakimbia polisi angeamini vipi kwamba kura yake ni siri? Umoja wa Mataifa ulikataa, wakajadiliana wiki kadhaa, rasimu ikabadilishwa. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa polisi. Askari wa Koevoet, kikosi cha utawala wa Afrika Kusini cha kupambana na wapiganaji wa SWAPO, kilichoogopwa kuliko vyote, walikuwa wameingizwa ndani ya polisi wa kawaida, na shinikizo liliendelea hadi wakaondolewa. Polisi wa UNTAG waliongezwa kutoka 500 hadi 1,500 ili waambatane na wenyeji wao kwenye doria.

Novemba 1989 SWAPO ikapata viti 41 kati ya 72. Ikashinda, lakini bila theluthi mbili za kuandika katiba peke yake. Ikabidi wakae na wenzao, na Februari 1990 katiba ikapita. Tarehe 21 Machi nchi ikawa huru, na kazi ya UNTAG ikaishia hapo. Kwangu mimi, huko kuondoka kwa wakati ni sehemu ya mafanikio.

Kuna mkono mwingine, wa kubana. Novemba 1991 wafadhili walizuia misaada mipya kwa Kenya, na mwezi uliofuata kifungu cha chama kimoja kikafutwa. Mwaka 1992 ilikuwa zamu ya Malawi. Mwaka 1993 wananchi wakapiga kura ya maoni na kuchagua vyama vingi. Wako wanaosema huo si ushirikiano. Nami naona wana hoja, kwa sababu fedha zinaweza kufungua mlango wa vyama bila kugusa tume, polisi wala mahakama.

Tanzania ilisomea alama za nyakati nyumbani. Mwalimu Nyerere mwenyewe alianzisha mjadala mwaka 1990, Tume ya Jaji Nyalali ikazunguka nchi nzima, na ingawa takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kibaki, tume ilipendekeza vyama vingi. Sheria ikapita 1992. Fedha na waangalizi wa nje walikuja baadaye, kwenye uchaguzi wa 1995, uamuzi ukiwa umeshafanyika.

Nasi tumekuwa upande wa kusaidia. Mazungumzo ya amani ya Burundi yalisimamiwa na Mwalimu hadi alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akapokea kijiti, na mkataba ukasainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Uliweka mgawanyo wa madaraka kati ya Wahutu na Watutsi, na ukomo wa mihula miwili ya urais. Uchaguzi wa 2005 ulifanyika. Mwaka 2015 Rais Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu, wale waliosimama kama mashahidi wa mkataba hawakuwa na njia ya kumzuia. Kilichofuata kilipokelewa Kigoma, kambi ya Nyarugusu ilipofurika wakimbizi wapya wa Kirundi.