"Ushahidi wa Chini" Haimaanishi Dawa Haifanyi Kazi

Mwongozo wa matibabu ni nini?
Ni mapendekezo yanayotolewa na jopo baada ya kukusanya na kupima tafiti zote za swali moja: mgonjwa gani, tiba gani, ikilinganishwa na nini, kwa matokeo yapi. Maoni ya daktari mmoja, hata awe bingwa, si mwongozo.

Madaraja yake hupangwaje?
Mfumo unaotumika sana ni GRADE, na una vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku.

Cha kwanza ni uhakika wa ushahidi: wa juu, wa kati, wa chini, wa chini sana. Majaribio yanayogawa wagonjwa kwa nasibu huanzia juu. Tafiti za uangalizi, ambazo mtafiti hutazama tu bila kugawa tiba, huanzia chini. Kisha ushahidi hushushwa kwa sababu tano: utafiti kufanywa vibaya, matokeo kupingana, waliochunguzwa kutofanana na wanaokusudiwa, takwimu chache mno, na tafiti kufichwa kwa kuwa majibu yake hayakupendeza. Huweza pia kupandishwa, kwa mfano nafuu ikiwa kubwa mno.

Cha pili ni nguvu ya pendekezo. Hapo jopo hupima faida, madhara, gharama na kile ambacho wagonjwa wenyewe wanakithamini, kisha pendekezo huwa la nguvu au la masharti.

Kwa hiyo ushahidi ukiwa wa chini, dawa haifanyi kazi?
Hapana! Maana yake ni kwamba ukubwa wa faida yake haujapimwa kwa usahihi. Mfano ni adrenalini kwa mzio mkali wa ghafla, ule wa kuvimba koo, kubanwa pumzi na presha kushuka. Haijapimwa kwa majaribio ya nasibu, kwani nani atamnyima mgonjwa anayekata roho? Hata hivyo miongozo inaitaja kuwa dawa ya kwanza.

Si afadhali kuanza na kidonge cha aleji, tuone?
Hapana, tena hapana. Kidonge hutuliza muwasho na vipele. Hakifungui njia ya hewa wala hakipandishi presha. Huko "kuona kwanza" ndiko kunakoua. Adrenalini huchomwa kwenye msuli, upande wa nje katikati ya paja: miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 0.5. Hali isipobadilika baada ya dakika 5, rudia. Mgonjwa alale na miguu iinuliwe. Akibanwa pumzi aketi, lakini asisimamishwe.

Na pendekezo la masharti ni katazo?
Si katazo. Wagonjwa wengi wenye taarifa kamili wangelikubali, wengine wasingelikubali, kwa hiyo lizungumzwe na mhudumu kabla ya kuamua. Usiache dawa kimyakimya nyumbani.

Nisome nini kwanza?
Kitenzi. "Tunapendekeza" kwa kawaida huashiria pendekezo la nguvu, "tunashauri" la masharti. Daraja la ushahidi lisome baada ya hapo, kisha angalia mwaka wa mwongozo na nani aliyeugharamia.