Boneti haikandwi kama unga

Jumamosi nilimaliza kubadilisha plagi za gari la dada mmoja, nikaishusha boneti hadi ikabaki kama shubiri moja juu ya shoo, ile sura ya mbele ya gari, nikaiachia. Paa! Ikajifunga. Dada akaruka utadhani nimemzaba kibao mwanawe. "Fundi jamani, taratibu!" Kisha akaona anifundishe. Akaifungua, akailaza polepole kama anayemfunika mtoto shuka, akaweka viganja viwili katikati, akaegemea kwa uzito wake wote. Bati likalia "tok".

Hiyo "tok" ndiyo inayonitoa roho. Kila wiki naisikia, na kila wiki mkorofi ni mimi.

Loki ina ulimi unaozunguka, na springi inayouvuta. Chini ya boneti kuna chuma cha umbo la U. Kikishuka kwa kasi kinausukuma ulimi, nao unakidaka. Pembeni kuna raba zinazoisukuma boneti juu ili isitetemeke barabarani. Kwa hiyo boneti inapofika chini inakuta springi na raba zote zinaikataa. Ikiwa imelala tu, uzito wake hauzishindi. Ikidondoka shubiri moja, inazishinda na chenji inabaki. Vitabu vya magari kadhaa vinasema sentimita 20 hadi 30, mle mle. Haya mambo sijayatunga mimi chini ya mwembe.

Sasa njoo kwenye viganja. Boneti ni bati mbili: ya juu yenye rangi, na ya ndani yenye mbavu. Ile ya juu kwa kawaida haifiki milimita moja. Ukikandamiza palipo na ubavu, una bahati. Ukikandamiza kati ya ubavu na ubavu, chini ya kiganja chako hakuna kitu, ni hewa. Kibonyeo chenyewe hukioni saa sita mchana. Subiri saa kumi na moja jioni, jua limelala, kisha inama uitazame boneti kwa upande. Wateja huja wakilalamika kwamba fundi rangi kawaharibia, boneti ina mawimbi. Mimi natafuta mabonde mawili yaliyoachana kama mabega ya mtu. Nikiyaona, najua rangi haina kosa.

Kwa boneti za alumini ni balaa zaidi. Prius za kizazi cha pili zinazo, Legacy za miaka ya 2003 hadi 2009 vilevile. Bandika sumaku; isiposhika, ondoa mikono. Alumini ikibonyea haina desturi ya kurudi yenyewe, na fundi bodi aliyezoea kuchoma chuma kwa moto na kugonga nyundo anaweza kukuharibia zaidi. Nasema kwa uchungu: enzi zile bado natumwa maji ya betri, niliikandamiza boneti ya mteja nikijiona mstaarabu. Nilikatwa mshahara mpaka nikaisha hamu ya ustaarabu.

Wanaoitupa kutoka juu kabisa nao wana makosa, wanavunja klipu za shoo na kuchosha bawaba. Lakini hao hawanifundishi kazi, kwa hiyo nawaacha.

"Fundi, mbona yangu nikiiachia haishiki?" Mara nyingi ni vumbi. Barabara zetu unazijua. Loki imejaa udongo na grisi ya zamani imegeuka ugoro. Isafishe, paka grisi mpya, zungusha ile raba kama skrubu iwapo imekaa juu mno. Kama gari liligongwa mbele likanyooshwa, huenda chuma cha U hakilengi tena ulimi. Hapo hata uzito wa tembo hausaidii.

Ukishaiachia, ingiza vidole mbele, uinyanyue kidogo. Ikicheza, imeshikwa na ile ndoano ya pili peke yake. Usiimalizie kwa viganja! Ifungue, inyanyue juu zaidi kidogo, uiachie upya. Ndoano ile ni ya akiba. Ukiitegemea barabara ya Morogoro, ukapishana na basi lililokolea mwendo, upepo ukiingia chini ya boneti utaendesha ukiwa huoni mbele.

Nina tundu moja katika mahubiri yangu. Magari yenye shokapu za gesi hayana kanuni ninayoiamini asilimia mia. Ukiachia shubiri moja, nyingine hujifunga vizuri, nyingine hubaki zinaelea kama zinafikiri. Hapo hata mimi nasukuma, kwa kiganja kilicholala, ukingoni kabisa juu ya loki, ambapo bati ya ndani ina nguvu. Shokapu zikichoka mambo yanageuka tena, boneti inakuja yenyewe kichwani. Kwa hiyo ukinikuta nimekandamiza, angalia kwanza ni gari gani kabla hujanipiga picha.

Yule dada nilimwambia ajaribu mwenyewe. Akaishika, akaivuta chini, haishuki. Akaongeza nguvu.

"Dada, ngoja! Fimbo inayoishikilia boneti bado imesimama."