Kipimo cha septiki cha Januari kitakudanganya

Kila mvua ndefu ikishika, malalamiko tunayopata sisi wa kukagua plani za ujenzi kutoka pande za Ahero na Kibos, tambarare ya Kano karibu na Kisumu, yanaongezeka, na karibu yote yanafanana: nyumba mpya, ploti ya futi 50 kwa 100 iliyokatwa kwa shamba la mzee, septiki (tangi la maji taka) imejengwa vizuri, lakini maji machafu yanatokea juu ya nyasi. Mwenye nyumba analaumu fundi. Mara nyingi fundi hana makosa, udongo ndio haukupimwa unanyonya maji kwa kasi gani, ama ulipimwa Januari, wakati wa kiangazi.

Udongo mweusi wa Kano ukikauka unapasuka, ukilowa unafura na nyufa zinajifunga. Sasa ukimwaga maji kwa shimo wakati wa kiangazi yanapotea mbio unafurahi, kumbe yameingia tu kwa nyufa. Mei maji hayohayo hayana pa kwenda.

Ndio maana tunasema loweka kwanza. Chimba shimo la upana wa sentimita 30 hadi kina ambacho mtaro wa kunyonya (unaomwaga maji ya septiki kwa udongo) utafika, kwaruza kuta kwa sababu jembe hulainisha mfinyanzi ukaziba, weka kokoto sentimita 5 chini, jaza maji na uendelee kuongeza, kwa udongo mweusi saa 24 nzima. Kesho yake weka maji sentimita 15 juu ya kokoto, pima yameshuka kiasi gani kila nusu saa kwa saa nne, ukirudishia kila mara. Tunahesabu kipimo cha mwisho, si kile cha kwanza mnapenda kutuonyesha. Yakichukua zaidi ya saa moja kushuka sentimita 2.5, mtaro hautafanya kazi hapo, fikiria tangi lililozibwa la kunyonywa na eksosta, lori la maji taka. Na yakishuka hiyo sentimita 2.5 chini ya dakika moja, kama inavyoweza kutokea kwa pumisi, mawe mepesi ya volkano, ya pande za Nakuru, hujapasi pia: uchafu unapita kabla haujachujwa.

Halafu kisima. Tunataka mita 30 kati yake na mtaro ama shimo la kunyonya maji ya septiki. Ploti ya 50 kwa 100 ni futi, yaani kama mita 15 kwa 30. Kisima kona hii, shimo kona ya mkabala, unapata kama mita 34, sawa, lakini jirani nyuma ya ua ana shimo lake na hakukuuliza. Ati "taitoli ninayo, shamba ni langu". Maji ya chini hayasomi taitoli. Anayekata shamba apime kabla ya kuweka bikoni za mipaka, baadaye ni kugombana tu.

Na konsenti ya bodi ya ardhi, yaani kibali cha kukata shamba, si ruhusa ya kujenga, tafadhali. Ruhusa inatoka kwa kaunti, chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019. Ukianza bila hiyo, ukipatikana na hatia ni faini isiyozidi shilingi 500,000 ama kifungo kisichozidi miezi miwili, ama vyote viwili. Ukipewa notisi ya kusimamisha una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti, siku 14 kuanzia ulipokabidhiwa, si ulipoisoma.

Ukileta plani, ambatisha fomu ya vipimo: tarehe, kina cha shimo, saa za kulowesha, na kila kipimo cha nusu saa. Ikiwa ni ya kiangazi na haikuloweshwa tunairudisha, usigombane na karani.