OpenBSD, FreeBSD au Linux? Dhana potofu kuhusu usalama wa seva

Dhana: OpenBSD haidukuliwi.
Waundaji wa mfumo huu wa uendeshaji (kama FreeBSD na Linux) hujivunia kwamba, kwa miaka mingi, usakinishaji wa awali umekutwa na mianya miwili tu ya kushambuliwa kwa mbali. Uzito uko kwenye "usakinishaji wa awali": mfumo ukiwa mpya, karibu hakuna huduma inayosikiliza mtandaoni. Januari 2020 ulitangazwa udhaifu CVE-2020-7247 (CVE ni namba ya utambulisho ya udhaifu uliotangazwa) katika OpenSMTPD, seva ya barua pepe ya OpenBSD yenyewe, uliomruhusu mshambuliaji kuendesha amri kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Kwa mipangilio ya awali huduma hiyo husikiliza ndani ya mashine tu, kwa hiyo walioifungulia mtandao ndio waliokuwa wazi kwa watu wa nje.

Hata hivyo, sifa yake si ya bure. CVE-2024-6387 ya OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, iliwakumba watumiaji wa Linux zenye glibc (maktaba ya msingi ya C), si OpenBSD, kwa sababu OpenBSD hutumia `syslog_r()`, kazi iliyobuniwa na OpenBSD yenyewe mwaka 2001 ambayo ni salama zaidi kuitwa ndani ya kishughulikia ishara (msimbo unaoendeshwa programu inapokatizwa ghafla).

Dhana: Linux ina CVE nyingi, basi ni dhaifu.
Tangu Februari 2024 timu ya kerneli ya Linux hutoa namba zake yenyewe, na huipa CVE karibu kila hitilafu iliyorekebishwa ambayo huenda ikagusa usalama. Nyingi zimo kwenye viendeshi ambavyo seva yako haivipakii kabisa. Kulinganisha hesabu hiyo na ya FreeBSD ni kupoteza muda.

Dhana: toleo la zamani lina mwanya.
Debian 12, moja ya matoleo ya Linux, huonyesha OpenSSH 9.2p1, na vichanganuzi vya usalama vinavyosoma namba hiyo tu hupiga kelele. Debian hurudisha kiraka kwenye toleo lilelile: dawa ya CVE-2024-6387 iliingia katika `1:9.2p1-2+deb12u3`. Tazama mkia wa namba kwa `dpkg -l openssh-server`.

Dhana: msimbo uko wazi, basi umekaguliwa.
Heartbleed, mwanya uliovujisha kumbukumbu ya seva, ilikaa ndani ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji yenye msimbo wazi, miaka miwili, hadi ilipotangazwa Aprili 2014.

Dhana: nimesasisha, nimemaliza.
Programu inayoendelea kufanya kazi hubaki na maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu. Sasisha OpenSSL bila kuwasha upya nginx (seva ya wavuti inayoitumia), na mwanya bado upo. Kwenye Debian na Ubuntu, `needrestart` hutaja huduma zinazosubiri.

Dhana: nimeandika `PasswordAuthentication no`, nenosiri limefungwa.
OpenSSH hufuata thamani ya kwanza inayoikuta. Kwenye Ubuntu, faili za `/etc/ssh/sshd_config.d/` husomwa kabla ya mistari yako, na `50-cloud-init.conf` huweza kuwa na `yes`. Endesha `sshd -T | grep -i passwordauth` kwa mamlaka ya root uone kinachotumika kweli. Hakikisha pia `KbdInteractiveAuthentication` ni `no`, la sivyo PAM, mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji, huenda ikaendelea kuuliza nenosiri.