Swichi inayokata umeme na swichi inayotoa amri

Jina “swichi janja” limekuwa likitumika Dar es Salaam kwa vitu viwili ambavyo kikazi havifanani, na katika maduka mengi ya vifaa vya umeme Kariakoo vyote viwili hukaa kwenye rafu moja na kuuzwa kwa jina hilo hilo. Ndiyo maana mtu anayejenga Goba, Madale au Kigamboni hununua balbu janja za sebule nzima, akaongeza swichi janja za ukutani akiamini kwamba vitu hivyo vimetengenezewa kufanya kazi pamoja, fundi akafunga kila kitu kama alivyoagizwa, kisha nusu ya siku balbu zikawa hazionekani kwenye simu. Hapo lawama humwangukia fundi au Wi-Fi, ilhali tatizo lilianza dukani, pale mnunuzi alipouliza kwa jina lisilotofautisha.

Kwa ufupi, swichi janja ni swichi ya ukutani inayopokea au kutuma maagizo kwa redio, mbali na kubonyezwa kwa kidole. Balbu janja ni taa ya LED yenye redio ndogo na saketi ya kuiongoza ndani yake, hivyo huwashwa, hufifishwa na pengine hubadilishwa rangi pasipo kukatiwa umeme. Maana hizo zinatosha. Ugumu wote umo katika maneno mawili, kupokea na kutuma, kwa kuwa kifaa kinachofanya la kwanza na kile kinachofanya la pili havitakiwi kufungwa kwa namna moja.

Swichi inayopokea maagizo ndiyo iliyojaa madukani. Ndani yake mna rilei, yaani swichi ndogo inayofunga na kuachia kwa amri ya umeme, ambayo hukaa kwenye njia ya laivu (waya unaoleta umeme) inayoelekea kwenye taa, na ukiiagiza kwa kidole au kwa simu huachia, laivu ikakatika. Kwa taa ya kawaida hiki ni kifaa kizuri sana: balbu ya bei ndogo ya duka lolote la mtaani hupata uwezo wa kuwashwa ukiwa mbali, na ikiungua unaweka nyingine bila kuoanisha chochote. Mwenye taa za kawaida akinunua swichi hii amenunua kitu sahihi, na hahitaji balbu janja hata moja.

Balbu janja ikiwekwa nyuma ya rilei hiyo, mambo hubadilika. Laivu ikikatika, redio ya balbu nayo huzimika, programu ya simu huandika kwamba kifaa hakipatikani, na ratiba uliyoipanga ya kuwasha taa ya barazani saa kumi na mbili na nusu jioni hupita taa ikiwa giza. Kwa balbu za Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani, hasara huenda mbali zaidi ya taa hiyo moja, kwa sababu kwa kawaida balbu yenye umeme wa kudumu husaidia kupokeza ujumbe wa vifaa vingine; ukiikatia umeme, kihisi cha mlangoni kilichokuwa kikipitia kwake huweza kupotea kwenye mtandao mpaka kipate njia nyingine. Hali huwa mbaya zaidi kama swichi yenyewe ni dima, inayofifisha mwanga kwa kukata sehemu ya kila wimbi la umeme, maana balbu janja imetengenezwa kupokea umeme kamili wa volti 230. Ikipewa uliokatwakatwa hupepesa, na saketi yake huweza kuharibika.

Swichi inayotuma amri haikati kitu. Ni kitufe chenye redio, kinachotumia betri ndogo bapa ya duara au kinachojizalishia umeme kidogo kutokana na nguvu ya kidole kinapobonyezwa. Hakiungwi na laivu wala nyutro (waya wa kurudishia umeme), na unaweza kukibandika hata juu ya vigae. Kazi yake ni kupeleka ujumbe mfupi kwa balbu: washa, zima, ongeza mwanga, punguza. Philips Hue, chapa ya taa janja, iliingia sokoni mwaka 2012 ikiwa na balbu na kifaa kikuu cha kuziongoza, na mwaka 2021 ikatoa kimoduli cha betri kinachokaa ndani ya boksi, nyuma ya swichi ya kawaida. Waya zilizokuwa zikiingia kwenye swichi huunganishwa zenyewe kwa zenyewe ili balbu ipate umeme wakati wote, na swichi ya zamani hubaki kuwa mlango wa kutolea amri tu. Huo ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa aina hii ya pili.

Mkanganyiko huongezeka mtu anapotaka taa zilezile aziendeshe kutoka sehemu kadhaa, tuseme mlango mkubwa, mlango wa korido na kando ya ngazi. Mafundi wengi hujibu mara moja kwamba zitafungwa swichi za tuwei, yaani za kuendesha taa moja kutoka sehemu mbili, na kwa taa ya kawaida jibu hilo ni sahihi kabisa. Swichi ya tuwei ina vituo vitatu vya waya. Mbili huunganishwa kwa waya mbili zinazopita ukutani kati yake, na sehemu ya tatu ikihitajika huongezwa katikati swichi ya intamidieti yenye vituo vinne. Kila sehemu mpya ni kuchimba ukuta na kupitisha waya. Utaratibu huo wote una lengo moja, nalo ni kuamua iwapo laivu ifike kwenye taa au isifike. Balbu janja inataka laivu ifike daima, kwa hiyo tuwei haina la kuifanyia, na swichi janja yenye maandishi ya tuwei kwenye boksi lake bado ni swichi ya kukata umeme.

Kwa balbu janja, wingi wa swichi hupatikana kwa makundi. Balbu tatu za sebuleni huingizwa kwenye kundi moja, kundi hupewa namba, na kila swichi ya kutuma amri huelekezwa kwenye namba hiyo. Swichi ya nne haihitaji waya wala haigusi zile tatu za mwanzo. Katika Zigbee, ambayo redio yake hufuata kiwango cha IEEE 802.15.4 na kwa kawaida hutumia masafa ya gigahezi 2.4, swichi nyingi huweza kufungamanishwa moja kwa moja na kundi la balbu, kiasi kwamba kifaa kikuu kikizimwa bado amri hufika. Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa janja vya watengenezaji mbalimbali, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2022, nacho kina utaratibu wa kufungamanisha. Jambo hili lina uzito mkubwa hapa kwetu, kwa sababu zipo swichi ambazo amri yake husafiri kwanza hadi kwenye seva ya mtengenezaji nje ya nchi ndipo irudi sebuleni kwako, na bando likiisha unasimama mbele ya swichi ya ukutani kwako mwenyewe ukibonyeza bila jibu.

Kuna amri moja ya kuangalia kwa makini, nayo ni ile ya kugeuza, ambayo huiambia balbu iache hali iliyomo na kushika ya pili: iliyowaka izime, iliyozima iwake. Chukua balbu hizo tatu, zote zinawaka, mtu akabonyeza kugeuza kwenye korido na balbu moja ikakosa ujumbe. Mbili zimezima, moja inawaka. Akibonyeza tena, mbili zinawaka na ile moja inazima, na hata abonyeze mara ngapi hazitalingana. Swichi yenye kitufe cha kuwasha na kitufe tofauti cha kuzima haina shida hiyo, maana amri ya kuzima ikirudiwa huzima zilizobaki na zilizokwisha kuzima hubaki zilivyo. Panapokuwa na swichi zaidi ya moja kwa kundi moja, mimi hushauri vitufe viwili bila kusita.

Pia ni vizuri kujua kilichomo ndani ya boksi kabla ya kwenda dukani. Fundi akizima breka na kufungua swichi ya taa katika nyumba nyingi za mjini atakuta waya mbili, na zote mbili ni za njia ya laivu: moja inaleta umeme, nyingine inaupeleka kwenye taa. Nyutro haikushuka hapo. Ilikwenda moja kwa moja darini. Swichi nyingi za rilei huhitaji nyutro ili redio yake iishi, na zile zinazouzwa kwa sifa ya kutoihitaji hujipatia umeme kwa kupitisha mkondo mdogo kwenye taa hata ikiwa imezimwa, jambo linaloweza kuifanya LED imulike hafifu au ipepese. Swichi ya betri haina habari na hayo.

Zipo pia swichi za rilei zinazokubali kutenganishwa na kitufe chake: unaziweka katika hali ambayo rilei hubaki imefunga, yaani ikipitisha umeme, muda wote, na kubonyeza kunakuwa kutuma ujumbe tu. Watengenezaji Shelly na Aqara wana bidhaa zenye uwezo huo. Hizo zinafaa kwa balbu janja, mradi mpangilio huo ufanywe.

Ndugu anayemwambia fundi “niwekee swichi janja za tuwei kwa balbu zangu janja” yuko sahihi kuhusu anachokitaka, na anachohitaji kurekebisha ni ombi lenyewe. Aseme anataka swichi za kutuma amri, laivu iunganishwe moja kwa moja hadi kwenye balbu, na balbu zote ziingizwe kundi moja. Dukani aulize kama swichi anayopewa inakata umeme, na kama inakata, je, rilei yake inaweza kuachwa imefunga? Akishafunga, aingie kwenye mipangilio ya balbu na kuchagua zirudi katika hali zilizokuwamo umeme unaporejea, la sivyo TANESCO wakirudisha umeme saa nane usiku nyumba nzima huweza kuwaka. Na siku ya kubadilisha balbu azime breka ya taa kwanza, kwa kuwa swichi ya ukutani, hata ikiwa imezima taa, haijaondoa umeme kwenye holda.