Je, safari ndefu inadai baiskeli yake?

Waendesha baiskeli wengi huamini kuwa mtu anahitaji tatu: ya kwenda kazini, ya matembezi ya siku moja, na ya safari za mbali zenye mizigo. Imani hii haikuzuka hivi hivi. Viwanda huziuza kwa makundi hayo, na kweli baiskeli nyembamba ya mashindano haifai kubebeshwa kilo 20.

Ila kinachotofautisha kazi hizo mara nyingi ni tairi, gia na keria. Soma ubavuni mwa tairi: 37-622 maana yake upana wa milimita 37, kwa rimu ya kipenyo cha milimita 622. Kisha tazama nafasi kati ya tairi na fremu. Ikiwepo ya kutosha, tairi pana zaidi litaingia, na barabara ya vumbi haitakutesa sana. Matundu ya skrubu karibu na ekseli ya nyuma ndiyo ya kufungia keria.

Gia ndizo huwashinda wengi mlimani. Hesabu meno ya sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ndogo kabisa ya mbele na kubwa kabisa ya nyuma. Yakilingana, kila mzunguko wa pedali unakusogeza kama mita 2.2 kwa tairi hilo la 37-622. Hata na mzigo, utapanda. Yakiwa 48 mbele na 16 nyuma, ni mara tatu ya hapo, na huenda ukashuka usukume. Fundi anaweza kukubadilishia sproketi ya nyuma, pengine na cheni.

Anayemiliki kadhaa naye ana sababu yake: moja ikiwa kwa fundi, kazini atafika.