Mediani: Thamani Iliyoko Katikati

Tuseme kitongoji kina wakulima saba, na mashamba yao ni ya ekari 1, 1, 2, 2, 3, 3 na 100. Jumla ni ekari 112. Gawa kwa saba, unapata wastani wa ekari 16. Hesabu ni sahihi kabisa, ila hakuna mkulima hata mmoja anayekaribia ekari 16. Sita wako chini sana, mmoja yuko juu mno.

Mediani hupatikana kwa kupanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha kutazama ipi imeangukia katikati. Hapa ni ya nne: ekari 2. Idadi ya namba ikiwa shufwa, jumlisha mbili za katikati, ugawe kwa mbili. Usiruke hatua ya kupanga, maana bila hiyo jibu halina maana yoyote.

Sasa mwenye ekari 100 akinunua nyingine 100, wastani unapanda hadi zaidi ya 30. Mediani inabaki 2, kwa sababu hali ya mkulima wa katikati haijabadilika hata kidogo. Ndiyo sababu mapato, bei za nyumba na ukubwa wa mashamba, ambako wachache huwa na kingi mno, huelezwa vizuri zaidi kwa mediani. Kwangu mimi, anayepanga ruzuku ya mkulima mdogo kwa kutazama wastani peke yake anamdhulumu. Na ukiona wastani umeiacha mediani mbali kwa juu, jua kuna wachache wanaouvuta.

Umri nao husomwa hivyo. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47, na mediani ya umri ilikuwa takriban miaka 20. Maana yake karibu nusu ya nchi walikuwa watoto na vijana wa chini ya umri huo: wa kutafutiwa madarasa leo, na ajira muda si mrefu.

Lakini mediani haisemi watu wametawanyika vipi. Kitongoji ambacho kila mtu ana ekari 2 kina mediani ileile. Wala haikupi jumla: ukiagiza mbegu kwa kuzidisha 2 kwa wakulima saba, utaleta za ekari 14, na ardhi ya kupandwa ni ekari 112. Kwa kazi hiyo, tumia wastani.